Bildingi mupya za Lubumbashi: mbele vioo, kando bloke tupu. Juu ya nini?

MwanaLupangu

Jambo bandugu na bayaya wote ba humu. Niko na swali, na munisamehe juu litakuwa murefu, iko kitu kinanikaa mu roho tangu mwaka jana.

Nyumba yetu, ile kambo alituachia, iko upande wa mji, si mbali na Kamalondo. Ni nyumba ya chini, matafari ya kuchoma, malata (mabati) juu, muembe mu lupangu (kiwanja chetu). Kando yetu kulikuwa nyumba ingine kama yetu. Mwenyewe akauza, ikabomolewa, na kisha miaka mbili hivi pale pale kumepanda bildingi ya etaji (gorofa) saba. Sitataja ni ya nani, haitasaidia. Ukisimama ku barabara utasema bamefanya kazi: vioo vya bluu toka chini paka juu, kando ya vioo zile plake za aluminyumu zinangaa, mulango unafunguka yenyewe, taa kila fasi. Muntu anapita na gari anasema eh, mji wetu unakuwa mukubwa.

Sasa ingia mu lupangu yetu. Ukuta wa upande wetu uko pale pale ku mupaka, etaji saba, hakuna dirisha hata moja, hakuna krepi (ile sima ya kupaka ukuta), hakuna rangi. Bloke za sima tupu. Unaona nguzo zote za beto (zege), unaona mustari wa kila etaji, na ile sima iliyokuwa inatokea kati ya bloke wakati banajenga ilikauka vile vile, iko inatoka nje kama ulimi. Siku moja niko nakunywa chai nikaanza kuangalia vizuri: ku etaji ya ine kuko jointi ya upana wa vidole viwili, haikujaa sima, bameziba na kipande cha mufuko wa sima. Karatasi! Iko pale paka leo, mvua inaimaliza pole pole.

Na kule juu kabisa ukuta unaisha hivi, hakuna kitu kimefunika ile kichwa yake. Mvua ya Novemba ikipiga, maji yanashuka na ule ukuta, yanachukua vumbi yote ya kiangazi, yanaacha mistari myeusi na myekundu paka chini, kisha yanaanguka ku malata yetu. Upande huo unaangalia mangaribi, kwa hiyo jua ya saa nane, saa tisa inaupika kabisa, na usiku saa tatu ukiweka mukono bado uko wa moto. Mama alikuwa analala chumba cha upande ule, amehama.

Nilienda kuuliza ku shantie (fasi ya ujenzi) wakati bado banajenga. Bakanijibu kwa heshima, sitasema uongo, bakaniambia: «Upande ule hauna shida, siku moja na ninyi mutajenga, utafunikwa.» Lakini siye tutajenga lini? Hii nyumba itasimama bado miaka makumi mbili, makumi tatu. Ina maana miaka hiyo yote mama ataamuka asubuhi na kuangalia bloke.

Na si siye peke yetu. Ukiwa mu taksi-bisi unatoka Katuba ao Kenya (ya kwetu ya Lubumbashi), unapoingia mjini ni zile kuta njo unaona ya kwanza. Vioo vinaonekana paka na yule anasimama mbele ya mulango. Siye wengine wote tunapewa mugongo.

Sasa maswali: je, ni kawaida ukuta kubaki hivyo? Permi ya kujenga inaangalia paka fasade ya mbele? Na sasa bildingi imekwisha, kitu gani kinaweza kufanyika bado na ule ukuta? Bafundi na ba arshitekte ba humu, munijibu tafazali.

Fundi_Krepi

Mwana mama, pole kwa mama. Niko fundi wa krepi, mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa mu kazi, nitakuambia juu ya nini inakuwaka vile, na haitoke paka mu ubaya wa bantu.

Krepi unapiga ukiwa inje. Upande wa barabara unapandisha eshafodaji (jukwaa la mabomba la kufanyia kazi juu), hakuna mutu atakukataza. Upande wa mupaka, eshafodaji itasimama fasi gani? Mu lupangu ya jirani. Kwa hiyo mwenye bildingi alipashwa kuja kukuomba wewe na mama, kwa siku kadhaa, na kuweka wavu juu ya malata yenu. Wengi habaombi. Bengine balishagombana na jirani tangu siku ya kuchimba fundasio, juu nyumba ya jirani ilipasuka ao ukuta wa lupangu ulianguka, sasa wataanzia wapi kuomba ruhusa? Kazi inafika mwisho, feza inaanza kuisha, jirani amekasirika, patro anasema acheni ule upande. Nimeona ile mara mingi sana.

Lakini kuko namna ya kufanya ukuta mutupu ukuwe muzuri bila kukanyaga kwa jirani hata siku moja, na hii njo inaniuma, juu haiombe feza mingi, inaomba fundi wa kujua na kapita (musimamizi) wa kumuangalia. Unasimama ndani, juu ya dale (sakafu ya beto) ya etaji. Kila mustari wa bloke ukisha kuweka, sima ingali mubichi, unainama inje kidogo, unakata ile inatoka na mwiko, kisha unapitisha kipande cha fere (chuma) ya mviringo ao hata ncha ya mwiko, unasukuma jointi ndani, inafunga. Mustari moja, dakika chache. Ukuacha ikauke paka kesho, ni burini (tindo) na nyundo, na hapo hakuna atakayefanya. Zile ndimi unaona ku ukuta wenu ni za mutu alikuwa anakimbia, ao alikuwa analipwa kwa hesabu ya bloke. Ukimulipa fundi kwa hesabu ya bloke, anakupa bloke, hakupe ukuta.

Kitu kingine: fasi bloke inakutana na nguzo ya beto. Beto na bloke habatembei pamoja jua ikipiga, kila moja inavimba kwa namna yake. Ukipiga krepi juu yake bila kuweka wavu ya chuma pale, upana kama sentimita makumi tatu, mwaka wa kwanza utaona mupasuko munyoofu kabisa unafuata nguzo toka chini paka juu. Kisha hapo njo maji yanaingia. Kwa hiyo hata wakija kuwapigia krepi, uwaulize juu ya hiyo wavu mbele baanze.

Na krepi ya inje ni mara tatu. Ya kwanza unarusha, ya majimaji, sima mingi, inabakia na mapele mapele, bafransa banasema gobeti. Unangoja. Ya pili njo mwili wenyewe. Ya tatu ya kumalizia. Ukuta wa mangaribi kama wenu usipige saa za jua, uanze asubuhi ukingali kivuli, na umwangilie maji siku zinazofuata. Bafundi benyi banapiga mara moja tu, nene, sima kali, wanasema ikikuwa kali njo nguvu. Hapana. Sima ikizidi, krepi inakuwa ngumu na inapasuka kama sahani. Ukiongeza chokaa kidogo inakuwa na ulaini, inavumilia. Na chokaa siye tuko nayo, mawe ya Kakontwe kule Likasi tangu zamani.

MamaEtajiIne

Naomba na miye niseme kwa upande wa benye kujenga, juu humu kila mara tunaonekana kama bantu babaya.

Nilijenga etaji ine, na feza yangu na ya banki. Banki haingoje. Vioo, plake, vyuma, karelaje (vigae), bintu mingi vinapita Kasumbalesa ku mupaka wa Zambia, unalipa na dolare, na siku inapita unaongeza. Ukifika mwisho unabaki na feza kidogo na unapashwa kuchagua: fasade ya mbele ao za kando. Mpangaji anakuja anaangalia mbele, anaangalia choo, anaangalia parkingi. Hakuna mutu hata moja aliniomba kuona ukuta wa kando mbele ya kusaini. Kwa hiyo nilichagua mbele, na naamini wengi wenu mungefanya vile.

Lakini niseme na ingine, juu sitaki mutu mwingine apate hasara kama yangu. Niliacha ukuta wa kando bloke tupu miaka sita. Mwaka wa tatu ku etaji ya tatu rangi ikaanza kuvimba ndani, mu chumba cha kulala, kama malengelenge ya moto. Ukigusa, inabomoka, ndani unga mweupe mweupe kama chumvi. Tukapiga rangi tena. Mvua ikarudia, na malengelenge ikarudia. Tukapiga tena. Mpangaji alikuwa na mutoto wa kifua, akahama, na miye ningekuwa yeye ningehama. Yule aliyekuja kisha yake akakaa miezi ine. Fundi muzee njo alinichukua inje akanionyesha: «Mama, maji inaingia hapa inje, wewe unatibu ndani.» Krepi ya inje nilikuja kuifanya mwaka wa saba, na jirani alinikubalia bila shida, nilikuwa tu sijawahi kumuomba. Feza niliyopoteza ya rangi na ya chumba kukaa butupu inapita ile ya krepi.

Kwa hiyo MwanaLupangu, yule jirani yako, ukienda kumuona usimuambie paka juu ya uzuri wa mji. Muambie juu ya vyumba vyake.

Ark_wa_Lshi

Mama amesema neno la maana sana hapo. Mimi ni arshitekte, niongezee machache, na kuna sehemu sikubaliani na MwanaLupangu.

Kwanza dirisha. Wengi wanafikiri ukuta bila dirisha ni kosa. Si kosa. Ukijenga juu ya mupaka kabisa, dirisha lako linafungukia kwa mwenzako: unaona mama anaoga, moshi wa kwake unaingia kwako, na kukitokea moto kwa mmoja unaruka moja kwa moja kwa mwingine. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zinakataa. Code civil ya Ufaransa inataka mita 1.90 kati ya dirisha linaloangalia moja kwa moja na mupaka wa jirani. Kwetu mambo ya mali, udongo na jirani yanaanzia kwenye ile loi (sheria) ya 20 Julai 1973, na permi ya kujenga ina arete (amri) yake ya ministre ya 26 Juni 2013. Hizo karatasi mbili zisome pamoja na avoka (wakili) mbele ya kwenda kwa yeyote, usiende na hasira tupu. Anayetaka madirisha upande wa kando, arudi nyuma ndani ya lupangu lake mwenyewe, aache hewa, ao akate kiwanja kidogo katikati ya jengo, mwanga ushuke humo. Lupangu za mjini nyingi ni nyembamba, mita mbili au tatu kila upande ni mapato ya vyumba, kwa hiyo mwenyewe anapeleka jengo mpaka ukingoni. Ni hesabu, naielewa.

Pili jua. Tuko kama digri 11 na nusu kusini ya ekweta. Jua linapita juu ya kichwa chetu mwisho wa Oktoba na tena katikati ya Februari, na kati ya kiangazi, mwezi wa sita, linasimama upande wa kaskazini. Lakini mwaka wote, asubuhi na jioni, linapiga mashariki na mangaribi likiwa chini, linaingia mpaka ndani ya chumba, na hakuna kibaraza kinaweza kulizuia vizuri. Kwa hiyo ukuta mtupu upande wa mangaribi, kwa watu wa ndani, ni afazali kuliko ukuta wa vioo. Yule mwenye vioo vya bluu, kama barabara yake iko mangaribi, anakaa ndani ya chupa, na siku umeme ukienda klimatizeri inazima, utaona wafanyakazi wote wako kwenye ngazi. Shida ya ukuta wenu ni kwamba bloke tupu ya kijivu inakunywa joto mchana na kuwarudishia ninyi usiku. Krepi na rangi nyeupe, ao ya kaki nyepesi, itarudisha sehemu kubwa ya lile jua. Chumba cha mama kitapoa, sikuahidi kitakuwa baridi, lakini mama atasikia tofauti.

Tatu maji, na hapa ndipo ninapowahukumu wenzangu wa kazi, maana hii ni kazi yetu na si ya fundi. Mvua yetu ni kama milimita 1,200 kwa mwaka na karibu yote inaanguka ndani ya miezi mitano, sita. Kabla yake kuna miezi ya vumbi jekundu linalokaa kwenye kila kitu. Ukijua hayo mawili tu, unajua jengo litakuwa na sura gani mwaka wa tatu. Nenda mjini leo, simama mbele ya jengo lolote la juzi juzi, angalia chini ya madirisha. Utaona mistari miwili myeusi, mmoja kila pembe ya dirisha, inashuka kama machozi. Sasa nenda kwenye nyumba ya zamani, pitisha kidole chini ya ile ubao wa sima unaotoka nje ya dirisha. Utakuta kamufereji kadogo, upana wa kidole, kanafuata urefu wote. Kale kamufereji ndiko kanakata tone la maji, linaanguka chini badala ya kurudi kwenye ukuta. Hakana bei. Ni kipande cha fere ao cha ubao kinawekwa kwenye kofraji (mbao za kushika beto) mbele ya kumwaga beto, kisha kinatolewa. Kichwa cha ukuta nacho vile vile: kifunike na ubao wa sima unaoinama kuelekea ndani ya paa la mwenyewe, utoke sentimita chache kila upande, na kamufereji chini. Ule ukuta wenu hauna, ndiyo maana maji yanaanguka kwenu. Hiyo mumuombe ya kwanza, hata mbele ya krepi.

Mji wetu ulikuwa na watu waliojua hayo. Ile teatro ya zamani, ambayo leo tunaiita Bâtiment du 30 Juin, ilimalizika 1956, kazi ya Claude Strebelle na wenzake waliojiita Yenga. Yenga! Neno letu la Lubumbashi, ni kujenga. Teatro haitaki madirisha upande wa jukwaa, kuna kuta kubwa tupu pale, lakini zunguka jengo lote kwa miguu na uniambie ni upande gani ulisahauliwa. Na zile bildingi za miaka ile zenye matafari ya kutoboka toboka mbele ya ngazi, na vibaraza vya beto vya kukata jua, na njia zilizofunikwa za kutembea chini wakati wa mvua, zote zilifanywa kwa vitu vya kawaida, sima, matafari, krepi. Tafari letu la udongo wa kichuguu, likichomwa vizuri na kuchaguliwa, linakaa ukutani miaka sitini bila rangi. Ukuta wa mupaka wa tafari la kuchagua, jointi zimefungwa kama Fundi anavyosema, hauhitaji krepi wala eshafodaji kwa jirani. Kwa nini hatuujengi tena? Kwa sababu bloke ni kubwa, inapanda haraka.

Junior_Golf

Kwa hiyo suluhisho ni plake za aluminyumu pande zote ine? Juu miye naona zile plake hazichafukake, hazipasuke, unazipiga maji tu.

Ark_wa_Lshi

Junior mudogo wangu, hapana, na hapa nitakuomba usome polepole. Plake ile ni karatasi mbili nyembamba za aluminyumu, katikati kuna kitu. Kitu hicho ndicho swali. Ya bei ya chini katikati ni plastiki tupu, na plastiki inawaka. London, 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower, etaji 24, walikuwa wamelivisha plake za namna hiyo mwaka mmoja kabla. Moto ulianzia kwenye jikoni moja ya etaji ya ine. Ulitoka nje, ukapanda na ile nguo ya jengo mpaka juu kwa muda mfupi sana. Watu 72 walikufa. Ziko plake ambazo katikati ni madini yasiyowaka, ni za bei zaidi, na kwa macho zinafanana kabisa na zile zingine. Kwa hiyo mwenye kununua aombe karatasi ya kiwanda na akate kipande aone katikati. Na mimi kwa bildingi ya etaji saba, mahali ambapo gari la zimamoto litapata taabu kufikisha maji juu, siweki ile ya plastiki hata nikipewa bure. Nitapiga krepi.

Na si kweli kwamba hazichafuki. Vumbi letu linakaa kwenye zile jointi za mpira, mvua inalichora chini. Utaona.

Fundi_Krepi

Nimebandika zile plake ku shantie mbili. Hakuna aliyetuambia ile mambo ya katikati. Asante mukubwa. Nitaanza kuuliza.

Wa_Matonge_Bxl

Miye niko Bruxelles, kule Ubelgiji, miaka mingi sasa, nilizaliwa Kamalondo. Huku kuta tupu za kando zimejaa, juu nyumba zinajengwa zikishikana, moja ikibomolewa inaacha ya jirani uchi. Tangu 1991 mji ulianza kuchoresha zile kuta na bande desine (hadisi za picha), ya kwanza ilikuwa Broussaille, kijana wa hadisi hizo, na mupenzi wake banatembea bameshikana. Leo ziko makumi na makumi, bageni banazifuata na karata mukononi. Nikiona ile nafikiria kwetu: bachoraji tunao, tangu zamani Lubumbashi ni mji wa bachoraji, mu kila nyumba ya bakambo kulikuwa tablo ku salo. Bape ukuta wa etaji saba bone.

Lakini nimeishi karibu na mumoja wa zile kuta, niseme ukweli: picha haishike juu ya ukuta mugonjwa. Banaanza kutengeneza ukuta, kukausha, kupiga krepi, kisha rangi. Kama utachora juu ya zile bloke na zile ndimi, mvua mbili tu na sura ya muntu imepasuka mu pua. Na ule wa kwenu sasa najua kitakachotokea kama mwenyewe akishaona unaweza kuleta feza: ataweka tangazo ya bia ao ya telefone, toka juu paka chini, mama ataangalia chupa ya etaji saba. Kule São Paulo, Brazil, balikataza matangazo makubwa mu mji wote tangu 2007, na kisha hapo njo kuta tupu zikaonekana kwa wingi na bachoraji bakaanza kupewa. Kwa hiyo mukienda kuandikiana na yule jirani, muandike na hiyo: hakuna tangazo.

MamaEtajiIne

Hiyo ya tangazo waliniletea na miye. Nilikataa juu ya jirani. Alinipa lupangu yake siku kumi na mbili za eshafodaji, singeweza kumulipa na tangazo.

MwanaLupangu

Bandugu, nimechelewa kurudia, nilikuwa natembea na haya maneno yenu.

Nilifanya kama mama alivyosema. Sikuanzia ku urbanismu, sikuanzia kwa avoka, ingawa karatasi nimezisoma na moja nimeiweka mu kasha. Nilienda na mama yangu mwenyewe, juu ni yeye mwenye lupangu, na nilipiga picha za ule ukuta kwa karibu, ile jointi ya karatasi na kichwa ya ukuta. Tulipokelewa na mutu anayeangalia bildingi, muzee wa heshima, akamupa mama kiti. Mama hakusema kitu juu ya uzuri. Alimuuliza tu: «Papa, mu vyumba vyenu vya upande wetu rangi haijaanza kuvimba?» Yule muzee akanyamaza. Kisha akasimama akatupeleka etaji ya tano. Mu ofisi moja nyuma ya kabati kuko doa la maji, kubwa kama mukeka, na ule unga mweupe chini ku karelaje. Alisema balifikiri ni tuyo ya maji imepasuka ndani ya ukuta, balishavunja mara moja kutafuta.

Nikamuonyesha picha ya jointi ya etaji ya ine na ya kichwa ya ukuta. Aliiangalia sana. Juzi ametupigia simu: mwenyewe amekubali kufunika kichwa ya ukuta kwanza, kisha krepi, na anaomba kuweka eshafodaji kwetu mu mwezi wa nane, mbele ya mvua. Ataweka wavu juu ya malata, na ameomba yeye mwenyewe tuandike karatasi. Rangi amemuachia mama achague. Mama anataka kama ile ya maziwa iliyochanganywa na chai.

Sasa iko shida moja tu imebaki. Muembe. Kambo aliupanda, uko karibu na ule ukuta, na yule kapita alikuja kuangalia akasema utakatwa juu eshafodaji haitapita. Mama amesema kama ni kukata muembe, ukuta ubaki vile uko. Fundi_Krepi, unasema nini?

Fundi_Krepi

Usikubali kukata. Kata tu matawi yanayogusa ukuta, na ufanye mapema, mbele maua ianze. Eshafodaji ya mabomba ile nyembamba inaomba kama sentimita makumi munane, unaongeza kidogo ya fundi kupita na ndoo na kukaza mabomba. Pima toka shina ya muembe paka ukuta, chini na tena ku urefu wa mutu. Ikiwa mita moja na nusu, inapita. Ikiwa chini ya mita moja, hapo wateremushe naseli (jukwaa la kuninginia na kamba) toka juu ya paa, inawezekana, ni bei tu na ni yao.

Na hiyo rangi ya mama ni nzuri kwa ule upande, itarudisha jua.

MwanaLupangu

Nimetoka kupima na mama ameshika ncha ingine ya metre. Chini ni mita moja na sentimita makumi saba. Ku urefu wa mutu, mita moja na makumi sita.